Mepo nyekundu ya Kijapani kwenye bustani ndogo: majibu ya maswali yenu

Mwezi huu wengi mmeniuliza kuhusu mti mmoja: mepo ya Kijapani, ile fupi yenye majani mekundu yaliyochanikachanika kama unyoya. Wajapani huiita momiji. Wengi wenu mko Ulaya na Amerika, na bustani zenu ni kiraka tu nyuma ya nyumba. Nami niko Uingereza, nimeutunza mti huu miaka mingi, na roho huniuma nikiuona unakufa kwa kukosa maelezo madogo.

Shikamoo mama. Uwanja wangu ni mita nne kwa tano. Nimeambiwa mepo hufika mita tano kwenda juu. Niache? (Leicester)

Marahaba. Usiache, soma kibandiko kabla ya kulipa. Aina iitwayo Bloodgood, inayouzwa karibu kila mahali, husimama wima na ndiyo inayofika huko. Wewe tafuta Crimson Queen au Garnet. Matawi yake huinama kama mwavuli, na mti hutanuka kuliko unavyorefuka. Ila ufupi si wembamba: mwavuli huo baada ya miaka mingi waweza kutanda mita mbili hadi tatu, kwa hiyo usiupande ukingoni mwa njia ya kupitia.

Shimo liwe na kina gani? (Northampton)

Kina cha donge la mizizi, basi. Upana ndio uzidishe, mara mbili au tatu ya donge. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo.

Wa kwanza wangu niliufukia. Nilihofia baridi itaumiza mizizi, nikajaza udongo kiganja kizima kupanda shinani. Mwaka wa pili majani yalitoka madogo, wa tatu hayakutoka. Nilipoung'oa, gome lililokuwa chini ya udongo lilikuwa jeusi na laini, linabanduka kwa ukucha kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ukitaka kuikinga mizizi, tandaza maganda ya miti au majani yaliyooza, unene wa sentimita tano hadi nane, na acha nafasi tupu kuzunguka shina. Kama udongo wenu ni mfinyanzi unaotuamisha maji, pandisha tuta kwanza, upande juu yake.

Jambo mama. Kingo za majani zimekauka na kujikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Maji ninamwaga kila jioni. Ni ugonjwa? (Portland, Oregon)

Mara nyingi si ugonjwa. Majani haya ni membamba na mizizi iko karibu na uso wa ardhi. Jua kali na upepo huyakausha upesi kuliko mizizi inavyoleta maji. Nanyi joto mnalijua: tarehe 28 Juni 2021 Portland ilipita nyuzi 46.

Hayo maji ya kila jioni, yanafika wapi? Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta pakavu, ulikuwa unalowesha vumbi. Mwagia polepole mpaka chini, kisha subiri juu paanze kukauka. Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi hadi kama saa tano, halafu kivuli. Kivuli cha kutwa nacho hakifai: wekundu huo hutengenezwa na jani kwa msaada wa mwanga, na ukikosa mwanga unafifia kuwa kijani cha kahawia.

Kuna dalili moja ya kuogopa. Tawi moja likinyauka ghafla ilhali jirani zake ni wazima, likate utazame ndani. Michirizi ya rangi nyeusi au kahawia kwenye mti ni alama ya kuvu ya vetisilia, inayoishi udongoni na haina dawa. Safisha mkasi wako, na mti ukifa usipande mepo nyingine hapo.

Mti mwekundu umeota matawi ya kijani chini, yana nguvu kuliko mti wenyewe. Mume wangu anasema ni baraka, tuyaache. (Toronto)

Msalimie, lakini myakate leo. Inama utazame shina karibu na ardhi: utaona uvimbe au kovu. Hapo ndipo tawi la mepo nyekundu lilipobebeshwa juu ya mche wa mepo ya kijani. Kinachoota chini ya kovu ni cha yule mche, na kikiachwa kitaumeza mwekundu. Hiki hakingoji msimu. Kupogoa kwa kawaida ndiko kunakongoja mti umelala, Novemba hadi Januari.

Shikamoo. Nimeona mtandaoni mbegu za mepo ya majani ya buluu. Zitaota Moshi? (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Mepo ya buluu haipo duniani. Picha imepakwa rangi. Hata mbegu za kweli za ile fupi nyekundu hazizai mti unaofanana na mama yake, ndiyo maana hubebeshwa. Tena mti huu unahitaji miezi ya baridi ya kulala bila majani, nanyi hamna majira hayo. Kwa wekundu wa bustani ndogo hapo kwenu, panda akalifa au krotoni, zote huota kwa kipande cha tawi tu. Muombe jirani akukatie, ukichomeke mwanzoni mwa mvua.