Direkta mpya Lubumbashi: pesa ya walimu inafuata listi

Ukipewa uongozi wa shule ya msingi ya serikali au ya Kanisa hapa Lubumbashi, Kongo, iwe Katuba, Ruashi au kule Annexe, watu watakupongeza kana kwamba umekabidhiwa sanduku la pesa. Ukweli utauona kabla Septemba haijaisha: hakuna franka hata moja ya mishahara inayopita mkononi mwako. Serikali hailipi shule, inalipa majina. Jina likiwa kwenye listi ya mishahara, mshahara unatoka hata kama mwenye jina yuko Kasumbalesa anauza mafuta ya kupikia. Lisipokuwepo, mwalimu anaweza kufundisha darasa la tatu miaka na miaka bila kuona kitu. Kazi yako kubwa, ambayo haikuandikwa katika barua ya uteuzi, ni kuhakikisha kwamba jina lililo kwenye listi na mtu anayesimama mbele ya watoto ni mtu mmoja.

Nimekalia kiti hicho muda mrefu. Wadogo zangu wanaopanda cheo wananiuliza kila mwaka habari za pesa za serikali za kupata walimu, kuwafunza na kuwabakiza. Haya ndiyo ninayowajibu.

Kabla ya kumtafuta mwalimu yeyote, uliza shule yako ina madarasa mangapi yaliyomo katika bajeti. Usiulize yanayofanya kazi, uliza yanayotambuliwa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure Septemba 2019 (Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kusema hivyo katika kifungu cha 43), watoto wamefurika, na direkta mwenye huruma huligawa darasa la kwanza kuwa A, B na C, kisha anamwita kijana wa mtaani mwenye diploma ya pedagojia aje ashike C. Kwa watoto ni jambo jema. Ila kama C haimo katika bajeti, yule kijana umemwingiza moja kwa moja katika kundi la wasiolipwa, wale tunaowaita NP, au NU ikiwa anasubiri kuingizwa kwenye listi. Mwambie hivyo siku ya kwanza, uso kwa uso, kabla hajashika chaki. Ukimwambia «mshahara utakuja tu», atakuamini mwezi wa kwanza na wa pili, na kuanzia wa tatu neno lako halitakuwa na uzito katika shule nzima.

Hata hivyo, kuna njia moja fupi ambayo madirekta wapya hawaioni. Mwalimu anayelipwa akifariki, akistaafu au akiacha kazi, nafasi yake bado ina pesa. Kumweka mtu mahali pake ni rahisi kuliko kuomba nafasi mpya, kwa sababu bajeti haiongezeki. Dosie ya kumbadilisha, yaani faili la karatasi zake, ianze wiki hiyo hiyo. Wengi wanachelewa, wengine kwa uzembe, wengine kwa sababu nyingine ambayo wote tunaijua: jina la aliyeondoka linaendelea kutoa mshahara na kuna mtu anaupokea. Utaombwa unyamaze. Mara nyingi atakayekuomba ni mtu unayemheshimu, na atakuletea hoja ya huruma, kwamba mjane wa marehemu ana watoto. Mjane ana haki zake na zina njia yake, msaidie kuzifuata. Lakini siku uhakiki utakapofika, sahihi iliyo chini ya listi ya waliohudhuria ni ya kwako.

Sasa dosie yenyewe. Nakala ya diploma, barua ya kupangwa kazi, cheti cha kuanza kazi, nakala ya kitambulisho. Karatasi chache, na zote nyepesi. Kinachoziua ni majina. Sisi watu wa Katanga tuna majina yenye sura mbili: kwenye diploma limeandikwa Ngoie, kwenye kadi ya mpiga kura Ngoy. Au jina la kati limetangulia mbele, la ubatizo limedondoka, Kyungu amekuwa Kiungu. Mwalimu mwenyewe haoni tatizo kwa sababu anajijua. Mtu wa kompyuta Kinshasa hamjui, na benki haimjui kabisa. Tangu mishahara ilipoanza kupitishwa benki mnamo 2011 na 2012, herufi moja inatosha kumfanya mtu arudi nyumbani mikono mitupu siku ya malipo. Kwa hiyo kaa na mwalimu mezani, mpange karatasi zake kwa mstari, na msome jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, kutoka kila karatasi. Inachosha na inachekesha kidogo, lakini ni nusu saa tu. Karatasi zikipishana, arekebishe sasa, kabla ya kitu chochote kuondoka shuleni.

Dosie ikiondoka, ipeleke mwenyewe sudivizioni, ofisi ya elimu ya eneo lako, au kwenye ofisi ya kordinasioni kama shule ni ya Kanisa, maana tangu makubaliano ya 1977 shule za Kanisa zina wasimamizi wao ingawa mlipaji ni serikali. Kutoka hapo inakwenda kwa watu wa SECOPE, ofisi ya serikali inayoandaa malipo ya walimu, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE, ingawa mjini bado utasikia lile jina la zamani. Usikubali kuacha dosie yoyote bila mhuri wa kupokelewa na tarehe juu ya nakala yako. «Acha tu hapo, direkta, tunafahamiana» ni maneno ya kirafiki sana, na dosie nyingi zimezikwa chini yake. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine kwa mwalimu mwenyewe. Ukihamishwa kesho, asianze upya.

Kuhusu pesa kubwa za nje nitasema kidogo. Juni 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa ajili ya mradi wa PERSE, kuisaidia serikali kubeba elimu ya bure, na mishahara ya walimu ilikuwa ndani yake. Wengi walisikia hizo milioni wakangojea zishuke shuleni. Pesa za namna hiyo hupita kwenye hazina ya taifa, tena nyingine hutolewa pale tu serikali inapoonyesha matokeo waliyokubaliana. Kinachofika kwako wewe ni maswali: una walimu wangapi, wana diploma gani, watoto wangapi. Direkta anayejaza fomu hizo kwa kukisia anaharibu hesabu ambayo walimu wake mwenyewe wanaitegemea.

Msifikiri kwamba kuteswa na karatasi ni balaa ya Kongo peke yake. Marekani wana ruzuku ya serikali iitwayo TEACH, hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa mwalimu. Sharti ni kwamba atafundisha miaka 4, ndani ya miaka 8 baada ya masomo, somo lenye uhaba wa walimu katika shule ya watu wenye kipato kidogo. Asipotimiza, ruzuku yote inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku alipopewa. Kuna walimu waliokuwa darasani wanafundisha kama walivyoahidi, lakini fomu yao ya kila mwaka ilichelewa au ilikosa sahihi, wakageuziwa deni. Kelele zilipozidi, mwisho wa 2018 serikali ilikubali kurekebisha. Ninawasimulia hayo vijana wetu wanaoandikishwa kwenye mafunzo ya kulipiwa na mtu mwingine, awe serikali, Kanisa au shirika: uliza unafungwa na nini, kwa muda gani, na karatasi gani utatakiwa kurudisha kila mwaka.

Mafunzo hapa kwetu huja zaidi kama siku kuliko kama pesa: kikao cha walimu cha kila kundi la shule, somo la mfano, ziara ya inspekta. Vitumie. Mwalimu wako akijilipia masomo ya jioni kule ISP Lubumbashi, chuo cha walimu, mpangie ratiba itakayomwezesha kusoma, kisha akimaliza umkumbushe kupeleka diploma mpya ili daraja lake libadilishwe. Nimewaona watu wenye diploma ya juu wakilipwa mshahara wa D6, daraja la mwenye diploma ya sekondari, kwa kukosa kufanya hivyo tu.

Kubakiza walimu ndiko kugumu kuliko yote. Mji huu una migodi pembeni, na Kolwezi inawaita vijana wetu wenye kujua kuandika na kuhesabu. Shule za binafsi zinalipa kwa dola. Tena kuna jambo ambalo wageni hawalielewi: mwalimu mzee wa shule kubwa ya mjini aliumia elimu ilipofanywa ya bure. Tangu miaka ya 1990 mzazi alikuwa anamwongezea prime, pesa ya nyongeza kutoka mfukoni mwake, na katika shule nzuri prime ile ilikuwa inazidi mshahara wa serikali. Ilipopigwa marufuku katika shule za msingi, mwenzake wa kijijini alifurahi, yeye akapunguzwa. Usimhubirie uzalendo. Msikilize kwanza.

Wewe huwezi kupandisha mshahara. Unaweza kuacha kuula. Neno «retour» utalisikia mapema: asilimia kidogo irudi juu kila malipo yakitoka, kwa ajili ya mafuta ya gari la fulani au mgeni wa fulani. Ukiwakata walimu wako mara moja, utawakata kila mwezi, na mwalimu anayekatwa hataona aibu kuja saa tatu. Mimi badala ya retour nilikuwa napeleka kwa wakubwa ripoti nzuri na salamu nyingi. Walinichukia kidogo, nikabaki kazini.

Kisha kuna mambo madogo ambayo hayahitaji hazina ya taifa. Siku ya malipo panga zamu: wawili wawili waende benki, wengine wachukue madarasa yao, kuliko shule nzima kufungwa na inspekta kuikuta tupu. Mwalimu anayefundisha asubuhi kwako na mchana kwingine, usimwekee kikao saa saba. Anayesubiri listi mwaka wa pili apewe habari za dosie yake kila mara unapotoka ofisini, hata kama habari ni kwamba hakuna kilichosogea. Na kama kwenye mshahara kuna makato ya mutuelle ya afya, MESP, mfuko wa matibabu wa walimu, ulizia ni kituo gani kinawapokea na bandika jina lake ukutani katika chumba cha walimu. Wengi wanakatwa bila kujua waende wapi mtoto akishikwa na malaria.

Pesa za uendeshaji zinazotumwa shuleni ni hadithi tofauti. Zina kamati yake ya usimamizi, COGES, na wazazi wamo ndani. Usizitumie kumlipa mwalimu asiye kwenye listi bila kamati kukaa na kuandika, hata kama moyo unakuuma. Andikeni kiasi, mwezi na jina, wote watie sahihi, na hilo daftari likae shuleni, si nyumbani kwako.