Wasomaji Wanauliza: Chai ya Darjeeling

SWALI: Nimeletewa chai ya Darjeeling ya mchumo wa kwanza. Pakiti imeandikwa chai nyeusi, lakini majani yana ukijani na kikombeni rangi imepauka. Je, ni bandia?

JIBU: Hapana, ukijani huo ni wa kawaida kabisa. Mchumo wa kwanza huanza mwishoni mwa Februari hadi Aprili, michai ya Darjeeling, India, inapochipua baada ya baridi ya milima ya Himalaya. Huchumwa majani mawili na kichipukizi, kisha hunyaushwa usiku kucha mpaka yapoteze zaidi ya nusu ya uzito. Jani lililokauka kiasi hicho, hata likisokotwa, halichachi lote, yaani haligeuki lote kuwa jeusi kwa kukutana na hewa, kwa kuwa kuchacha kunahitaji unyevu. Sehemu isiyochacha hubaki kijani, na ndiyo inayotoa ile harufu ya maua. Ukitaka uhakika, tafuta kwenye pakiti nembo ya mwanamke aliyeshika majani ya chai; jina Darjeeling linalindwa kisheria nchini India tangu 2004.

SWALI: Na ile ya mchumo wa pili inapata wapi harufu ya zabibu? Wanatia kitu?

JIBU: Hawatii chochote. Kazi hiyo hufanywa na wadudu. Mwezi Mei na Juni, vijidudu vya kijani vinavyorukaruka hufyonza utomvu wa majani machanga. Mchai, ukijikinga, hutengeneza kemikali zenye harufu, na jani likinyaushwa na kuchachushwa vizuri harufu hiyo hukomaa. Aina ya mchai nayo ina mchango wake: mashamba ya kale yana michai ya Kichina yenye majani madogo, iliyoanza kupandwa huko 1841. Na kwa kuwa harufu hiyo huletwa na wadudu, mkulima anayepulizia dawa ovyo hujinyima bei nzuri. Ila wadudu wakizidi, kingo za majani huungua, vichipukizi hudumaa na mavuno hushuka. Mvua kubwa za monsuni zikifika baada ya hapo, majani hukua haraka na harufu hupotea.

SWALI: Yangu huwa chungu kila nikiipika.

JIBU: Usiichemshe jikoni. Weka gramu 2 hadi 2.5 kwenye buli, mimina mililita 200 za maji ya nyuzi 85 hadi 90, subiri dakika 3, uchuje yote. Ya mchumo wa pili huvumilia nyuzi 95 na dakika 4. Majani yakiachwa ndani ya buli, kikombe cha pili lazima kiwe kichungu. Maziwa yaache; yatafunika harufu uliyoilipia.