Mbona Krita hujifunga nikifika sekunde ya 20?

Swali: Habari ya kazi, mwalimu. Mimi ni mchoraji wa katuni hapa Umoja, na natumia Krita, programu ya kuchora, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8. Chama kimoja cha akiba kimenipa tangazo la sekunde 40, la kuonyeshwa kwenye skrini ya mapokezi na kutumwa WhatsApp. Nachora kwa 4K, rangi za biti 16, fremu 25 kwa sekunde. Nikikaribia sekunde ya 20 mashine inakuwa nzito, feni inalia, halafu Krita inajifunga yenyewe. Ajabu ni kwamba faili yenyewe ina MB 400 tu. Tena kazi yangu iliyotangulia, ya sekunde 40 vilevile lakini ya 1080, nilipoitoa kama video isiyobanwa ilifika karibu GB 6, ikakataa kuingia kwenye flashi tupu ya GB 32. Ninunue RAM, au nitafute laptopu nyingine kabisa?

Jibu: Dada, pesa zikae mfukoni kwanza. Hizo MB 400 ndizo zinazokudanganya. Faili iliyohifadhiwa ni kama nguo ulizokunja ukazishindilia kwenye begi la kwenda ushago: begi ni dogo, lakini ukifika ukazitandaza, kitanda hakitoshi. Kwenye diski michoro imebanwa. Ukiifungua uichore, inatandazwa kwenye RAM, pikseli (nukta ya rangi) moja baada ya nyingine, na RAM haijui MB 400 ni nini. Inajua pikseli.

Chukua kalamu tuhesabu. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kwa biti 8, kila pikseli hula baiti nne (nyekundu, kijani, buluu na uwazi), kwa hiyo leya (tabaka la mchoro) moja iliyojaa rangi ni kama MB 8.3. Ukienda 4K, pikseli zinakuwa mara nne: MB 33. Ukiongeza biti 16, inakuwa maradufu: MB 66, kwa mchoro mmoja wa leya moja. Sekunde 20 ni fremu 500. Hata kama kila mchoro unaushikilia kwa fremu mbili, hiyo ni michoro 250, na leya moja iliyojaa inadai zaidi ya GB 16. Wewe una 8, na kabla hujashika brashi Windows na kurasa zako za Chrome zimeshakula kadhaa.

Sasa utauliza, mbona ilifika hata hiyo sekunde ya 20? Kwanza, Krita hailipii mahali patupu. Turubai imegawanywa katika vigae vya pikseli 64 kwa 64, na kigae ambacho hujakigusa hakibebi kitu. Mstari mwembamba wa mhusika ni rahisi sana. Pili, RAM ikijaa, programu huanza kumwaga ziada kwenye diski. Hapo ndipo mashine huwa nzito na feni kulia kama kinu cha posho. Angalia diski yako ya C imebakiwa na nafasi kiasi gani. Sitashangaa ukiniambia GB tatu au nne. Diski nayo ikijaa, hakuna pa kumwaga tena, programu inaanguka.

Kwa hiyo cha kwanza ni kufungua mstari wa muda na kutazama leya ya mandhari. Ina kisanduku kimoja (yaani mchoro mmoja) pale mwanzoni, au visanduku vimejipanga kama viti vya matatu? Nimeona faili nyingi za wanafunzi ambapo ukuta wa nyuma, usiosogea hata kidogo, umenakiliwa kwenye kila mchoro. Huo ukuta unajaza vigae vyote, kila mara. Acha mmoja, ufute nakala zilizobaki. Tazama pia kama kuna picha uliyobandika ikamwagika nje ya turubai. Huioni, ila inahesabiwa. Ipunguze iishie ukingoni.

Cha pili, achana na 4K na biti 16. Skrini ya mapokezi na simu za wanachama hazitaona tofauti, na kushuka hadi 1080 ya biti 8 kunapunguza mzigo mara nane. Fanya hivyo kwenye nakala, si kwenye faili asilia, kwa sababu mistari hulainika kidogo ukipunguza ukubwa. Kama kuna anga ya machweo inayofifia polepole, biti 8 inaweza kuonyesha michirizi. Nyunyizia chenga kidogo kwa brashi, inapotea.

Cha tatu ndicho ningekifanya hata ningekuwa na GB 64: usichore tangazo zima kwenye faili moja. Sekunde 40 ni shoti nane au kumi. Shoti ya sekunde nne ni fremu 100, kila shoti na faili yake, na unaziunganisha mwishoni kwenye programu ya kuhariri video. OpenToonz, programu nyingine ya katuni, huenda mbali zaidi: michoro hukaa kwenye faili zake nje ya onyesho, na onyesho linazielekeza tu. Krita haiko hivyo, basi igawe wewe mwenyewe.

Kwenye mipangilio ya utendaji ya Krita, hamishia faili ya ziada (swap, ile RAM inapomwagia ikijaa) kwenye diski yenye nafasi, na uchague akiba ya uchezaji (fremu zilizoandaliwa kuchezwa) ikae kwenye diski badala ya RAM. Punguza pia hatua za Ctrl+Z. Kila moja inashikilia kitu.

Na ukitoa kazi, itoe kama mfululizo wa picha za PNG. Niliwahi kuacha mashine usiku kucha ikitoa MP4 moja ndefu, stima ikapotea alfajiri. Faili ilikuwepo, kubwa tu, lakini haikufunguka: faharasa yake ilikuwa iandikwe mwishoni. Kwa PNG ningepoteza fremu moja.

Flashi ni habari nyingine, RAM haihusiki. Itakuwa imeumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, ambao haipokei faili moja ya kufikia GB 4 hata flashi iwe tupu. Ukiiumbiza upya kwa exFAT itakubali, ila itafuta kila kitu kilichomo, na televisheni nyingine za zamani haziisomi. Lakini mbona umpelekee mteja GB 6? Toa MP4 iliyobanwa kwa H.264, kwa megabiti 10 kwa sekunde, sekunde 40 ni kama MB 50. WhatsApp itume kama dokyumenti, isije ikaibana tena.

Ukifanya haya yote na bado unabanwa, ndipo uende Moi Avenue kutafuta RAM. Mwambie fundi afungue laptopu kwanza, maana nyingine RAM imechomelewa ndani na haiongezeki, na ya DDR3 (kizazi cha zamani) haiingii pa DDR4.