Farasi anayelala nje na nyasi kavu: maswali yenu

Wiki hii maswali karibu yote ni ya hay, yaani nyasi kavu, nadhani ni kiangazi kimewabana. Nimechagua machache.

Niko Limuru, farasi wangu analala nje. Nimpe marobota mangapi kwa siku?

Ndugu, hapo kwa marobota ndio watu wengi huanguka, manake robota si kipimo. Kuna siku nilipakua lori moja, robota moja likapima kilo 10 na jirani yake kilo 16, na bei ni ile ile! Chukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia, weka nyasi kwa neti, pima. Farasi anahitaji kama asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku, kwa hivyo wa kilo 450 ni kilo 7 hadi 9 hivi, na hiyo ni kama padoki, yaani uwanja wake wenye fensi, haina nyasi za maana. Na usimpe yote saa mbili asubuhi ukaenda zako mpaka jioni, tumbo la farasi linatoa asidi muda wote hata kama halina kitu ndani, akikaa masaa mengi bila kutafuna anaanza vidonda vya tumbo, alafu ukimuona anakula mbao za fensi unasema ana tabia mbaya. Ana njaa tu. Gawa mara tatu au nne, na lile fungu kubwa liwe la usiku, Limuru kuna baridi na nyasi ikichachuka huko kwa utumbo mkubwa ndio inampa joto. Kilo mbili za pumba hazifanyi hiyo kazi.

Padoki yangu imejaa nyasi ya kikuyu kijani kabisa, kwani bado nahitaji kununua hay?

Kikuyu ni tamu kwake lakini ina oksaleti, hizi hushika kalsiamu ndani ya tumbo isiingie mwilini, na mwili ukikosa unaenda kuichota kwa mifupa. Ikiendelea miezi mingi farasi anaanza kuchechemea bila jeraha na mifupa ya uso inavimba. Kwa hivyo ndio, nunua. Changanya na nyasi ya boma Rhodes, hiyo haina shida hiyo, na lusani (alfalfa) kidogo juu yake kwa sababu ina kalsiamu nyingi. Nasema kidogo. Kuna watu wanampa farasi asiyefanya kazi yoyote lusani tupu alafu wanashangaa mbona amenona hivi. Nyasi ya napier muachie ng'ombe.

Nina farasi wawili, mmoja mbabe anamfukuza mwenzake kwa chakula. Nifanyeje?

Weka mafungu matatu, sio mawili, na yaachane hatua kumi au zaidi. Mbabe akimtoa huyu hapa, huyu anaenda lile la tatu, watazunguka zunguka mwishowe kila mtu anakula. Ukitumia neti ifunge juu kabisa, kumbuka ikiisha inaning'inia chini na kwato inanasa, nimewahi kuikata moja kwa kisu usiku na tochi mdomoni sitaki tena.

Mvua ilinyeshea stoo, marobota mengine yameota ukungu. Nikiyaanika juani si yatakuwa sawa?

Hapana dada. Jua linakausha maji, ile kuvu inabaki pale pale kama vumbi, akivuta hewa inaingia kwa mapafu na kikohozi cha aina hiyo kikishamshika hakitoki kirahisi. Tena farasi hatapiki, akimeza kitu kibaya hakirudi juu, ni koliki tu, yaani maumivu makali ya tumbo. Ng'ombe mwenyewe usimpe, usimwambie mtu nimesema umpe. Tupa kwa mbolea. Yaliyobaki yainue juu ya paleti, turubai lisigusane nayo pembeni ili hewa ipite, na uingize mkono katikati ya robota, ukisikia joto litoe nje haraka, nyasi iliyofungwa mbichi inaweza kuwaka yenyewe stoo ikaungua. Ile ya vumbi tu, bila ukungu, loweka dakika kumi kabla ya kumpa, hayo maji umwage.

Tuko Diani, ni mchanga kila mahali, na nyasi ya farasi tunamwaga chini. Kuna shida?

Hapo anakula mchanga na nyasi, mchanga unatulia chini ndani ya utumbo unarundikana mpaka siku moja analala anajigaragaza na daktari yuko mbali. Pima hivi: chukua mavi yake fresh, weka kwa mfuko wa plastiki unaoona ndani, tia maji, tikisa, ning'iniza. Baada ya dakika 15 angalia pembe ya chini. Ukiona mchanga umetulia hapo, anza leo kulishia kwa mkeka wa mpira au tairi kubwa la lori ulilolikata na kulizibia chini. Kama haujaonekana usifurahi sana, unaweza kuwa umekwama ndani, kwa hivyo tairi liwekwe tu.

Punda wangu wa mkokoteni nimpe hiyo hiyo ya farasi?

Apewe kidogo kuliko farasi wa uzito huo, na mabua safi ya shayiri au ngano yanamtosha sehemu kubwa kama meno ni mazima. Siku za mizigo mizito ongeza boma Rhodes. Na toa zile kamba za robota zote, zihesabu ukizitoa, punda anazila.