Hofu Niliyoificha Kanisani

Kwa miaka miwili mume wangu alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila safari. Figo zote mbili zilikuwa zimegoma. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: daladala ya alfajiri, benchi la mbao, kisha mlio wa mashine. Jumapili nilisimama kwenye kwaya nikiimba sauti ya pili, nikitabasamu. Ukiniuliza habari za mgonjwa nitakujibu, "Bwana ni mwema." Usiku namwekea mkono kifuani nihakikishe anapumua.

Sikumwambia mtu. Tulifundishwa kwamba hofu na imani hazikai nyumba moja. Mhubiri mmoja alituambia "usiogope" imeandikwa mara 365 kwenye Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka, kwa hiyo anayeogopa hana udhuru. (Baadaye nilichukua itifaki, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yake, nikahesabu mwenyewe. Hazifiki.) Na hata hizo zilizopo, angalia walioambiwa: Abramu, Yoshua, Mariamu. Wote walikuwa na sababu ya kutetemeka. Nani humwambia usiogope mtu ambaye haogopi?

Kuficha kwangu kulitugharimu. Mtu wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani, akamwekea mgonjwa mikono, akatangaza kwamba ameshapona, na kwamba kurudi kwenye mashine ni kumtilia Mungu shaka. Kwa kuwa nilikuwa naigiza ujasiri, sikuwa na mdomo wa kukataa. Tukaruka Jumatano. Alhamisi usiku miguu ilikuwa imevimba, pumzi haipandi, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji huku nikiwa nimekishika kichwa chake mapajani.

Basi ndugu yangu, nikuombe jambo moja hata kama mengine utayaacha: asikuachishe mtu matibabu kwa jina la imani. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mwenzake Trofimo alimwacha mjini Mileto akiwa mgonjwa. Na mwiba wake mwenyewe, yale mateso ya mwilini, aliuombea mara tatu, haukutoka, aliambiwa, "Neema yangu yakutosha." Hakuna mahali alipoambiwa kwamba imani yake ni ndogo.

Baada ya usiku ule nilianza kusali vingine. Niliacha zile sala zangu nzuri nikashika Zaburi za malalamiko, hasa ya 88, ambayo mwimbaji wake analia mwanzo mpaka mwisho na inaishia gizani bila shukrani. Nilishangaa kwamba iliachwa humo. Siku nyingine ilinitosha sentensi ya yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hofu haikuondoka, ila nilianza kupata usingizi wa saa mbili tatu.

Jambo jingine nililiona Gethsemane. Yesu aliwaambia wazi Petro, Yakobo na Yohana kwamba roho yake ina huzuni, akawaomba wakeshe naye. Walilala, ni kweli. Lakini aliwaambia. Nami nikamwambia mama mmoja tu wa kwaya, tena siyo yule anayejua sana maandiko: "Dada, naogopa atakufa."

Hakunijibu na mstari. Ijumaa iliyofuata nilimkuta kwenye benchi letu ana chupa ya uji wa ulezi na vikombe viwili. Akakaa saa zote nne. Marafiki wa Ayubu nao walianza hivyo hivyo, siku saba mchana na usiku wakiwa wamekaa naye chini kimya, na mimi naona ndiyo kazi yao pekee waliyoifanya vizuri. Wakafungua midomo wakaharibu.

Mume wangu alifariki mwezi wa masika. Msibani watu walisema mengi, mengine yaliniuma. Yule mama alipita jikoni, akaniletea uji kwenye kikombe kile kile, akajisogeza mkekani karibu yangu.