Gone Home haina mzimu wala adui
Mnaouliza kama gemu ya video Gone Home ina mzimu au adui: hapana, hakuna mzimu wala adui wa kupigana naye, na huwezi kufa. Nimeimaliza mara mbili. Ni Oregon, Marekani, Juni 1995, usiku wa mvua na radi: Katie, mhusika unayemchezesha, karudi kutoka Ulaya, kakuta nyumba tupu. Kazi yako ni kutembea, kufungua droo na kusoma barua mpaka ujue mdogo wake Sam kaenda wapi. Basi. Wanaosema uchezaji wake ni finyu wako sahihi, na inaisha kwa saa mbili hivi. Lakini sauti ya Sam akisimulia shajara yake ilinigusa kuliko gemu yoyote ya vita niliyowahi kucheza. Ila kwa urefu huo, subiri bei ishuke.