Data Zimefutika na Bakapu Hakuna: Anzia Hapa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifumo hapa Kigoma, ipo siku mtapigiwa simu na mtu anayehema: data zimefutika na bakapu, yaani nakala ya akiba, hakuna. Mwambieni kwanza asiguse kitu. Rekodi iliyofutwa mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka maandishi mapya yaifunike, kwa hiyo simamisheni mauzo yote yanayoingia kwenye mfumo. Na kama yaliyofutwa ni mafaili yenyewe kwenye seva ya Linux, msizime MySQL, programu inayotunza hifadhidata. Faili ambalo programu bado imelishikilia linapatikana ndani ya /proc, folda ya mfumo inayoonyesha programu zinazoendelea, na linanakilika; ukiiwasha upya, basi tena. Haya mazoea yetu ya zima-washa yanaua data nyingi.

Kisha tafuteni binlog, kumbukumbu ambamo MySQL huandika kila badiliko la data. MySQL 8.0 huiwasha yenyewe na kuitunza siku 30, na wengi hawajui kwamba ipo. Kwenye duka moja la jumla pale Mwanga, kijana alitaka kufuta deni la mteja mmoja, akaandika DELETE (amri ya kufuta) bila WHERE, sharti linalosema zipi zifutwe, na madeni yote yakaondoka. Binlog ilikuwa imeandika kila safu iliyofutwa, jina na kiasi. Tulizisoma kwa mysqlbinlog, programu ya kusomea binlog, tukazigeuza kuwa INSERT, amri za kuingiza data, zikarudi zote. Ingekuwa TRUNCATE, amri ya kufuta jedwali zima kwa mkupuo, safu zisingeandikwa mle.

Mkilazimika kutumia innodb_force_recovery, mpangilio wa kuilazimisha MySQL iwake hata data ikiwa imeharibika, fanyeni kwenye nakala ya diski tu, mkianzia ngazi ya 1. Kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja.

SSD, diski zisizo na sahani inayozunguka, ni habari nyingine. TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe nafasi za data zilizofutwa, ikishapita, msimpe mwenye mali matumaini ya diski. Kusanyeni ushahidi wa nje: vishina vya risiti, meseji za malipo ya simu, Excel alizotumiwa bosi WhatsApp, daftari la mpakiaji. Stoo moja ya dagaa Kibirizi tuliijenga upya hivyo. Kila rekodi tuliiwekea safu wima ya "chanzo", ili ijulikane ipi imetoka kwenye risiti na ipi kwenye kumbukumbu ya mtu, kisha wateja wakapigiwa simu mmoja mmoja, hata wa Uvira kule Kongo, wathibitishe magunia yao.

Msijaze pengo kwa kukisia, hata mkibembelezwa. Deni lisilo na ushahidi liacheni wazi, na mumkabidhi mwenye mali orodha ya yaliyokosekana, aisaini.